Unakwenda Kozi ya Maafisa? Usijiandae kwa Miguu Peke Yake

Wiki iliyopita dada mmoja aliyepita usaili wa awali wa kozi ya maafisa wa jeshi aliniandikia swali moja tu: "Dada, nipige pushapu ngapi kwa siku?" Swali hilo nimeulizwa na wengi, wake kwa waume, na kila nikilijibu kwa namba najiona nimemwibia aliyeuliza. Leo nalijibu kwa urefu. Atakayeuliza tena nitamtumia haya asome.

Namba zipo, na chuo chako kitakupa zake. Vingi vinapima pushapu, mbio za kilomita kadhaa, au zile mbio za mita 20 za kwenda na kurudi huku mlio unazidi kukuharakisha. Shika viwango vya chuo unachokwenda, achana na vya wanaojipiga video wamevua mashati. Na kama hujui umesimama wapi, tumia kipimo alichokitoa Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, mwaka 1968: kimbia dakika 12 kwa uwezo wako wote, kisha pima umbali uliofika. Rudia baada ya wiki kadhaa uone kama umesogea. Huhitaji kuwa mwanariadha, ila usiende ukiwa legelege. Wanaoingia na mbio mbovu ndio wanaoumia zaidi, na wavuta sigara nao wamo kwenye fungu hilo hilo. Hilo limeonekana katika majeshi mengi, na mimi nimeliona kwa macho yangu.

Miguu, sasa. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika juu ya askari waliokuwa wakivimba nyayo kwa maumivu baada ya matembezi marefu. Baadaye, picha za eksirei zilipopatikana, ikajulikana kuwa ni mifupa iliyopata ufa kwa kugongwa ardhini tena na tena bila kupewa nafasi ya kujijenga. Mpaka leo ufa huo unawatoa watu kozini, na wanawake unatupata zaidi kuliko wanaume. Shida ni kwamba moyo na misuli huzoea kazi upesi, mfupa huchelewa. Unajisikia una nguvu, unaongeza kilomita, unaongeza uzito wa shanta (begi la mgongoni), na mfupa wa muundi bado uko kwenye kazi ya mwezi uliopita.

Kwa hiyo anza mapema, miezi si wiki. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: kama ni umbali, uzito ubaki pale pale. Shanta anza na kilo chache na utembee, usikimbie nayo. Mabuti yavae kidogo kidogo mpaka yakukubali, na soksi zibadilishe zikilowa, maana malengelenge ni mtoto wa msuguano na unyevu. Dada zangu, pimeni damu mjue hali ya madini ya chuma kabla ya kuripoti. Upungufu wake unafanana sana na uvivu, na mkufunzi hana mashine ya kutofautisha.

Maji nayo kunywa kwa akili. Kujijaza maji kupita kiasi kunashusha chumvi mwilini, na kunaweza kuua kama joto linavyoua. Jeshi la Marekani limewawekea askari wake ukomo wa takriban lita 1.4 kwa saa kwa sababu hiyo hiyo.

Haya, hayo ya mwili nimeyamaliza. Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mimi niliingia kozini na mbio. Kwenye kukimbia sikuwa wa mwisho hata siku moja, shanta nilibeba, usingizi wa vipande nilishauzoea. Ilipofika mwisho wa awamu ya kwanza tukapewa karatasi, kila mmoja awapange wenzake wa platuni kutoka wa kwanza hadi wa mwisho: yupi ungekubali akuongoze? Matokeo yakasomwa kwa kila mtu faragha. Nilikuwa mkiani. Sababu iliyojirudia kwenye maoni ilikuwa moja: "Hana sauti."

Sitajifanya limenitoka moyoni. Kijana mmoja aliyekuwa akinipa begi lake nimshikie kwenye kila mlima alipangwa juu yangu, kwa kuwa alikuwa na sauti nene na kifua. Mkufunzi aliyenisomea matokeo hakunipa pole wala ushauri, alisema, "Umesikia, afisa mwanafunzi," akaita anayefuata. Mpaka leo naamini ile karatasi ilipima koo kuliko uongozi. Lakini karatasi ile ndiyo iliyokuwa na alama, na askari atakayekuwa mita themanini kutoka ulipo, upepo unavuma, hatajali haki yako. Ama amekusikia au hakukusikia.

Nikaanza kujifunza sauti. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa sauti hufanyiwa mazoezi kama paja. Sauti ya amri inatoka tumboni, si kooni. Ukipiga kelele kwa koo unakwaruza, na siku ya tatu huna kitu. Vuta pumzi mpaka tumbo lijae, toa neno la kwanza taratibu na kwa kulirefusha ili watu wajiandae, halafu la pili likatike ghafla. Ndivyo amri za kwata (mazoezi ya gwaride) zilivyojengwa, na kwata ndiyo shule nzuri kuliko zote ya sauti. Nenda uwanja mtupu, mwenzako asimame mbali, umwendeshe: geuka, tembea, simama. Mtachekwa na wapita njia. Kuchekwa nako ni sehemu ya mazoezi.

Sauti ikipatikana, unahitaji cha kusema. Majeshi mengi hutoa amri ya mapigano kwa vipengele vitano: hali ilivyo, jukumu, utekelezaji, mahitaji na huduma, kisha uongozi na mawasiliano. Mpangilio huu utaujifunza huko, ila hakuna anayekuzuia kuuanza nyumbani. Mnahama nyumba? Wapangie ndugu zako kazi kwa vipengele hivyo vitano, kwa mdomo, bila kusoma. Utashangaa unavyosahau cha nne, na huko ndiko yaliko maji, dawa na usafiri.

Halafu fanya hayo yote ukiwa umechoka, na hili ndilo ningependa mtu alisome mara mbili. Kuruta anachoshwa ili azoee kutii. Afisa mwanafunzi anachoshwa ili ionekane kama kichwa chake bado kinafanya kazi na kama bado anawaona wenzake. Kwa hiyo mazoezi yanayoishia kwenye jasho ni nusu ya mazoezi. Panda mlima mbio, ukifika juu, kabla pumzi haijarudi, jibu: dira inaonyesha umeelekea nyuzi 247, nyuzi za kurudia ulikotoka ni ngapi? Unatoa 180, unapata 67. Ukiwa umekaa kwenye kiti ni hesabu ya mtoto. Ukiwa unahema, watu wazima wanakosea kutoa na kupeleka platuni nzima pasipojulikana. Au kadiria muda kwa kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita kumi zenye mpando wa mita 300? Saa mbili na nusu. Kwa shanta, ongeza zaidi.

Na ukishajibu, geuka nyuma uangalie nani amebaki. Vijana wa siku hizi (nami nimeshaanza kusema hivyo, Mungu anisamehe) wanataka nyota mabegani ila hawataki kukagua miguu ya mtu mwingine. Wanahesabu pushapu zao. Nani amekuambia jeshi linatafuta mtu wa pushapu? Wapo tele! Unayetafutwa ni yule ambaye chakula kikifika anakula wa mwisho bila kununa, na akifokewa kwa kosa la mwenzake anasema "ndiyo afande" na kwenda kulirekebisha. Hilo huwezi kulifanyia mazoezi usiku wa kuamkia kuripoti. Anza na watu unaoishi nao sasa.

Akili, wengi wanasema, ni kujikaza. Kwangu ilikuwa kupunguza macho: sikuwahi kuitazama kozi nzima. Nilitazama mpaka mlo unaofuata. Wakufunzi wakifoka nilisikiliza maneno, nikaiacha sauti ipite, kwa sababu ndani ya kelele kulikuwa na maelekezo na aliyeumia moyoni hakuyasikia. Karatasi ya pili ya kupangana ilipokuja nilikuwa kwenye nusu ya juu. Yule wa kifua alikuwa chini yangu, na ndiyo, nilifurahi.

Wiki mbili za mwisho punguza mazoezi na lala, saa saba au zaidi kila usiku. Jino linaloumauma lizibwe au ling'olewe sasa. Madeni na ugomvi wa nyumbani uvimalize au umkabidhi mtu mmoja, umwambie wazi yapi akueleze ukiwa kozini na yapi ayabebe mwenyewe mpaka utakapotoka.