Kidoti cha pili: juu ya darubini au ubavuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Texas, Marekani, na hushiriki mashindano ya bunduki tatu (bunduki ndefu, shotgani na bastola) nikitumia bunduki ndefu ya AR-15 yenye darubini inayokuza mara 1 hadi 6. Kila shabaha za karibu zinapofuatana na za mbali, kuizungusha darubini hadi mara 1 hunipotezea muda, hivyo nataka kuongeza kidoti chekundu, yaani kifaa cha pili cha kulengea kinachoonyesha nukta nyekundu kwenye kioo kisichokuza. Je, nikifunge juu ya darubini au ubavuni? Ninatumia bega la kulia.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mashindano hayo kifunge ubavuni, upande wa kulia, kwa pembe ya nyuzi 45, na sababu kubwa ni kimo chake kutoka kwenye mtutu. Risasi hutoka chini ya mstari wa jicho na kuufikia mbele ya safari, kwa hiyo kadiri kidoti kinavyokaa juu, ndivyo risasi inavyopiga chini ya ulipolenga pale shabaha inapokuwa karibu. Kidoti kilicho juu ya darubini kinaweza kuwa sentimita 10 kutoka kwenye mtutu. Kikilinganishwa kwa mita 50, yaani kirekebishwe ili risasi ipige ulipolenga katika umbali huo, basi katika mita 10 risasi itapiga takriban sentimita 8 chini. Cha ubavuni chenye kimo cha sentimita 5 kitakosea takriban sentimita 4, na tofauti hiyo ni kubwa mno pale shabaha inapofunikwa nusu na ile ambayo ukiigusa unapewa adhabu.

Isitoshe, kikiwa ubavuni huna haja ya kuinua kichwa: unailaza bunduki kushoto, kitako kikibaki begani. Cha juu hukuondolea egemeo la shavu, ingawa kina heshima yake jeshini, ambako darubini ya ACOG ya kampuni ya Trijicon hubebeshwa kidoti cha RMR cha kampuni hiyohiyo, kwa kuwa kinatumika kwa bega lolote na humfaa aliyevaa barakoa ya gesi. Hapo ndipo udhaifu wa ubavuni ulipo, maana ukihamia bega la kushoto nyuma ya kizuizi, kidoti cha kulia kitakutatiza.

Kwenye reli, yaani ukanda wa kufungia vifaa juu ya bunduki, hakikisha kuwa kirekebishi kilicho ubavuni mwa darubini hakikingi kioo cha kidoti, na kwamba maganda ya risasi yanayoruka kulia hayakigongi. Soma pia kanuni kabla ya kununua, kwa kuwa baadhi ya madaraja ya mashindano huruhusu kifaa kimoja tu cha kioo kwenye bunduki.

Unapokilinganisha, ilaze bunduki kama utakavyoilaza mashindanoni, kidoti kikiwa wima kabisa juu ya mtutu. La sivyo, skrubu ya juu na chini itasogeza risasi kimshazari, nawe utamaliza risasi nyingi ukitafuta kosa lisilokuwepo kwenye kifaa.