Kabla Hamjashika Brashi: Kwa Wanaoanza Kujitolea Kufufua Katikati ya Mji

Karibuni katika kazi hii. Najua mna hamu ya kushika brashi na ndoo za rangi, lakini wiki ya kwanza shikeni daftari. Pitieni barabara ya maduka asubuhi, mchana na jioni, mhesabu fremu zilizofungwa, mwandike watu wanapita wapi na wanasimama wapi. Sisi hatukufanya hivyo. Tulipaka rangi kuta za upande unaopigwa na jua mchana kutwa, kumbe wapita njia wote wako ng'ambo, kivulini. Jumamosi mbili za watu ishirini zikapotea.

Halafu chagueni kipande kimoja tu, maduka matano au sita yanayopakana. Nguvu zenu ni chache. Mkizitawanya mji mzima hazionekani. Fremu tupu moja iliyooshwa vioo, ikawashwa taa, ikapangwa michoro ya wanafunzi dirishani, humfanya mtu apunguze mwendo, na akipunguza mwendo ndipo anapoona kuwa duka la jirani liko wazi. Nimesimama pembeni nikalitazama hilo likitokea. Ila mtafuteni kwanza mwenye jengo. Mara nyingi ni mrithi anayeishi mbali, na hofu yake ni kubebeshwa mzigo mtu akiumia mle ndani. Mwandikieni makubaliano ya ukurasa mmoja: siku ngapi, nani anashika ufunguo, nani analipa kioo kikivunjika.

Kwenda hatua kwa hatua hakukuanza na sisi. Mwaka 1977 huko Marekani, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, National Trust for Historic Preservation, lilianza majaribio katika miji mitatu: Galesburg, Madison na Hot Springs. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa Main Street (yaani barabara kuu ya maduka), unaogawa kazi mafungu manne: kuunda kikundi, kutangaza, kutengeneza sura ya majengo na mitaa, na kukuza uchumi. Vikundi vipya hukimbilia kutangaza, maana tamasha lina raha yake. Kesho yake waulizeni wenye maduka waliuza nini siku ya tamasha. Kama barabara ilifungwa na wateja wao wa kila siku wakashindwa kufika, mmewaumiza watu mliokuja kuwasaidia.

Kwa watu wenu, gaweni kazi zenye mwanzo na mwisho, saa mbili au tatu; wengi hukimbia kamati zisizoisha. Na mkipanda miti, andikeni jina la atakayemwagilia kabla hamjachimba shimo.