Jukwaa moja tu, na hospitali pembeni

Swali la wiki lilikuwa: "Ni kitu gani kidogo cha umma ulichokiona ugenini ambacho ungependa tuwe nacho?" Mimi nataja kituo cha treni cha James Cook, Middlesbrough, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Nilikijua nilipomtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi huko.

Ukiambiwa "stesheni" utatafuta jengo usilione. Kuna jukwaa moja, kibanda cha kujikinga mvua, taa na ratiba. Mkata tiketi hakuna. Reli nayo ni moja, hivyo treni ya kwenda na ya kurudi zinasimama palepale; usiposoma ubao unaweza kupelekwa usikokwenda. Jirani yake ni hospitali kubwa yenye jina hilohilo, ambako majeruhi wa hali mbaya kutoka eneo zima hupelekwa. Jina ni la nahodha James Cook, aliyezaliwa hapo karibu, Marton, mwaka 1728.

Reli hiyo ni ya karne ya 19. Kwa miaka mingi treni zilipita kando ya hospitali bila kusimama, wagonjwa wakishuka mbali na kutafuta basi. Kituo kilifunguliwa Mei 2014 kwa takriban pauni milioni 2.2. Kwa reli hizo ni pesa kidogo sana, maana njia ilikuwepo na treni zilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kukanyaga.

Kutoka stesheni kuu ya Middlesbrough ni dakika chache tu, na mtu anaweza kusema angepanda basi. Anayefaidika hasa ni mtu wa Whitby, mji wa pwani ambako treni huchukua zaidi ya saa moja ikipita vijiji vya bondeni. Ikifika Battersby reli inaishia hapo, dereva anahamia upande wa pili wa treni, na safari inaendelea kwa kurudi nyuma. Mgeni hushtuka, wenyeji wala hawainui macho. Muhimu ni kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa goti ameketi tangu mwanzo, na hana habari ya kulipia maegesho, ambayo hospitali nyingi za huko hutoza.

Kasoro ipo. Treni za Whitby ni chache mno kwa siku. Daktari akichelewa, mgonjwa naye amekwama hadi jioni. Na usiku wa manane hakuna treni, kwa hiyo watu wa zamu wanarudi kwenye magari yao.

Sasa kwetu Dar es Salaam. Treni za mjini tunazo tangu Oktoba 2012, zile tulizozoea kuziita za Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Kabla ya kuomba reli mpya, ningependa mtu achukue ramani, apitie njia ya TRC (Shirika la Reli Tanzania) na ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), aweke alama kila hospitali, kituo cha afya na zahanati iliyo umbali wa kutembea mama mjamzito. Kisha aende kwenye kliniki hizo alfajiri awaulize waliopo kwenye foleni wameondoka nyumbani saa ngapi. Ratiba ipangwe kwa majibu yao. Jukwaa la zege na mabati machache juu yake tunaweza kuyajenga wenyewe.