Maswali ya Wasomaji: Bunduki, Sheria na Kazi ya Majirani

Barua za mwezi huu zimejaa maswali kuhusu mauaji ya risasi na wajibu wa raia katika kuyazuia. Tumechagua nne, na tumezifupisha pale ilipolazimu.

Ndugu Mhariri, kila watu wanapouawa kwa bunduki, wanaharakati hudai sheria kali zaidi. Mimi ninajiuliza: jambazi huomba leseni wapi? Je, sheria hizi hazimbani raia mwema tu na kumwacha mhalifu akitamba?

Ndugu msomaji, ni kweli kwamba jambazi haendi kituoni kuomba kibali, lakini bunduki aliyoishika ilitoka mahali fulani. Ukiacha silaha zinazotengenezwa kwa siri na zile zinazovushwa mipakani kutoka maeneo ya vita, nyingi ya bunduki zinazotumika katika uhalifu zilitoka kiwandani zikiwa na namba, zikauzwa dukani kwa mtu aliyeruhusiwa, kisha zikaibwa, zikauzwa kwa mtu wa pili bila karatasi yoyote, au zilinunuliwa tangu mwanzo na mwenye rekodi safi kwa niaba ya asiyeruhusiwa. Sheria nzuri hulenga njia hiyo. Jimbo la Missouri, nchini Marekani, lilikuwa likimtaka kila mnunuzi wa bastola apate kwanza kibali cha sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yake. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2007, na watafiti waliofuatilia miaka iliyofuata walikuta mauaji ya bunduki yameongezeka kuliko ilivyotarajiwa. Jimbo jingine, Connecticut, lilikwenda kinyume chake, ikaweka sharti la kibali mwaka 1995, na utafiti ulionyesha kwamba mauaji ya bunduki yalipungua. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa tofauti hizo, lakini mwelekeo wake unaeleweka.

Isitoshe, si kila muuaji ni jambazi. Watu wengi huuawa na mume, mpenzi aliyeachwa, jirani mliyegombana naye kuhusu mpaka, au kijana aliyetukanwa mbele ya wenzake, na katika mauaji ya namna hiyo jambo linaloamua ni kama bunduki ilikuwa karibu wakati hasira ilipopanda. Ndiyo maana Australia, baada ya mauaji ya watu 35 huko Port Arthur mwezi Aprili 1996, iliweka siku 28 za kusubiri kabla ya kupewa kibali cha kununua silaha. Mnunuzi alitakiwa kueleza sababu ya kweli ya kuihitaji, na kujilinda hakukukubaliwa kuwa sababu. Serikali ya Waziri Mkuu John Howard, ambayo ilikuwa ya kihafidhina na yenye wapiga kura wengi wa mashambani waliomiliki bunduki, ilikubaliana na majimbo katika muda usiofika wiki mbili, ikanunua kutoka kwa raia bunduki takribani 650,000 kwa fedha za nyongeza ya muda katika tozo ya afya, na ikaziharibu. Mwindaji na mfugaji waliendelea kumiliki silaha zinazofaa kwa kazi zao. Raia mwema alitakiwa kusubiri na kujieleza, na mimi sioni kwamba huko ni kuonewa.

Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha akina mama tuliopoteza watoto na ndugu kwa risasi. Tuliandamana, tukapokewa na mbunge, tukaahidiwa mabadiliko. Sasa miezi inapita na hakuna anayetujibu. Tufanye nini?

Poleni sana, mama zetu. Maandamano yenu hayakupotea bure, kwa sababu bila hayo mbunge asingewapokea. Hata hivyo, maandamano humfanya kiongozi asikilize kwa siku moja, na kazi ya kumfanya atende huanza siku inayofuata.

Huko Dunblane, Scotland, tarehe 13 Machi 1996, mtu mwenye bastola alizokuwa amezisajili kisheria aliingia shuleni akaua watoto 16 na mwalimu wao. Wazazi na marafiki zao walianzisha kampeni waliyoiita Snowdrop, jina la ua dogo jeupe linalochanua huko majira hayo, wakakusanya saini zaidi ya 700,000. Kilichowapa nguvu, kwa maoni yangu, ni kwamba walidai jambo moja ambalo kila mtu aliweza kulirudia bila kukosea, nalo ni raia wasimiliki bastola. Mwaka 1997 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopiga marufuku bastola nyingi lakini ikaziacha zile za risasi ndogo. Wanakampeni hawakukubali kwamba nusu ni yote, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo huo sheria ya pili ikazipiga marufuku na hizo.

Tazameni pia Florida, jimbo la Marekani ambalo bunge lake kwa miaka mingi liliwapendelea wamiliki wa bunduki. Watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari mjini Parkland tarehe 14 Februari 2018. Wanafunzi walionusurika walipanda mabasi hadi mji mkuu wa jimbo, wakawafuata wabunge ofisini mwao wakiwa na madai yaliyoandikwa, na tarehe 9 Machi gavana alitia saini sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, ikaongeza siku tatu za kusubiri, na ikaruhusu mahakama kumwondolea silaha kwa muda mtu anayeonyesha dalili za kutaka kudhuru. Lakini msiuchukue mwendo huo kuwa kipimo chenu. Jim Brady, msemaji wa Rais Reagan, alipigwa risasi kichwani mwezi Machi 1981. Mkewe, Sarah, alipigania uhakiki wa wanunuzi wa bastola kwa miaka mingi, na sheria yenye jina la familia yao ilitiwa saini tarehe 30 Novemba 1993. Hata hiyo iliwabana wauzaji wenye leseni pekee na kuyaacha mauzo ya mtu kwa mtu, na pengo hilo halijazibwa kikamilifu katika sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, hadi leo.

Kushindwa nako kunafundisha. Brazil ilipitisha sheria kali ya silaha mwezi Desemba 2003, kisha wananchi wakaulizwa katika kura ya maoni ya Oktoba 2005 kama biashara ya bunduki kwa raia ipigwe marufuku. Karibu theluthi mbili walikataa. Mtu anayeogopa kuvamiwa usiku na asiyeamini kwamba polisi watafika hawezi kushawishiwa kwa takwimu peke yake. Anataka kujua nani atamlinda. Kampeni yenu iwe na jibu la swali hilo kabla hajaliuliza, na jibu hilo liwe pamoja na polisi wanaowajibika, taa za barabarani na kesi zinazosikilizwa kwa wakati.

Kwa hiyo rudini kwa mbunge na karatasi ya ukurasa mmoja. Iandike kifungu gani kibadilishwe na kisomeke vipi, mswada uko mbele ya kamati ipi, na mnaomba ajibu kwa maandishi kufikia tarehe gani. Kaeni katika vikao vya kamati vilivyo wazi kwa umma, hata vile vya kuchosha, maana wabunge hujua nani huja mara moja na nani huja kila wakati. Ulizeni kama nchi yenu imeridhia Mkataba wa Biashara ya Silaha ulioanza kutumika Desemba 2014, na kama iko Afrika Mashariki, Pembe ya Afrika au Maziwa Makuu, ulizeni utekelezaji wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 umefikia wapi, kwa sababu itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuweka alama kwenye silaha, kutunza kumbukumbu zake na kuharibu za ziada. Ni rahisi zaidi kumbana kiongozi kwa ahadi ambayo serikali imekwisha kuitia saini kuliko kumwomba ahadi mpya. Na sheria ikipita, fuateni bajeti, kwani daftari la usajili lisilo na karani wala kompyuta halimzuii mtu yeyote.

Ndugu Mhariri, kaka yangu anamiliki bastola kihalali. Tangu afiwe na mkewe hali chakula, hapati usingizi, na juzi alisema haoni sababu ya kuendelea kuishi. Naogopa nikigusia silaha nitamuudhi.

Ndugu yangu, zungumza naye leo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi huona nafuu wanapoulizwa na mtu anayewapenda. Mwombe bastola itoke nyumbani kwa muda, ihifadhiwe kituo cha polisi au kwa mtu mwenye kibali, kwa kufuata sheria ya mahali mlipo. Ikishindikana kabisa, itolewe risasi zote na ifungiwe, risasi ziwekwe mbali nayo, na funguo zikae kwako. Usimwache peke yake, na mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya akili bila kungoja hali izidi.

Ninasisitiza silaha kwa sababu jambo hili husahaulika katika mijadala ya bunduki. Mwaka 2021 Marekani ilirekodi vifo 48,830 vya bunduki, na 26,328 kati ya hivyo vilikuwa vya watu waliojiua. Hamu ya kujiua mara nyingi hupanda na kushuka, na wengi mno wa wanaonusurika jaribio hawafi baadaye kwa kujiua, lakini bunduki huacha nafasi ndogo mno ya kunusurika. Jeshi la Israeli liliamua mwaka 2006 kwamba askari wanaokwenda nyumbani mwisho wa wiki waache silaha kambini, na idadi ya askari waliojiua ilipungua kwa takribani asilimia 40. Kaka yako anahitaji umbali wa namna hiyo hiyo hadi msiba umpungukie.

Ndugu Mhariri, ninaongoza kikundi cha vijana. Tumeombwa tujitolee kuwa wapatanishi wa mtaani ili kuzuia visasi vya bunduki. Je, kazi hii ina matokeo, au tunawaweka vijana hatarini?

Yote mawili ni kweli, kiongozi. Mfano unaojulikana zaidi ulianzishwa Chicago, nchini Marekani, mwaka 2000 na Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya kuambukiza aliyekuwa amepambana na kifua kikuu na kipindupindu miongoni mwa wakimbizi nchini Somalia. Aliona kwamba risasi moja huzaa nyingine kama maambukizi, akaajiri watu wa mitaa ile ile, baadhi yao waliowahi kuwa katika magenge, ili wakatize mnyororo wa visasi. Mpatanishi hufika hospitalini wakati majeruhi bado yuko chumba cha upasuaji. Humkuta mdogo wake ukumbini, shati lina damu, simu haitoki sikioni, wenzake wakimngoja nje ndani ya gari. Hamhubirii. Hukaa naye, humuuliza mama yao yuko na nani, humpeleka kula, hupitisha usiku ule pamoja naye.

Matokeo yametofautiana. Huko Baltimore, mji mwingine wa Marekani, ambako mpango kama huo ulianza mwaka 2007, maeneo fulani yalipata nafuu kubwa na mengine hayakubadilika. Hatari nayo ni ya kweli, kwani wapatanishi watatu wa mpango huo wa Baltimore waliuawa kwa risasi kati ya Januari 2021 na Januari 2022.

Kwa sababu hiyo sikushauri ukubali neno “kujitolea”. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 2022 ilitenga dola milioni 250 kwa kazi za aina hii, jambo linaloonyesha kwamba serikali inaweza kuilipia ikitaka. Waambie waliowaomba kwamba vijana wako watahitaji mafunzo, mkataba, mshahara unaolipwa kwa wakati, bima ya maisha na ya matibabu, na mshauri wa kuwasikiliza baada ya usiku mbaya. Sharti jingine liandikwe kwenye mkataba: mpatanishi hatatakiwa kamwe kupeleka habari za watu anaowapatanisha kwa polisi, kwa kuwa mtaa ukimshuku hata mara moja hataweza tena kuingia katika chumba ambamo kisasi kinapangwa, na maisha yake yatakuwa hatarini.