Mfungwa mtulivu ndiye wa kumtazama mara mbili

Wewe unayeanza kazi kwenye zahanati ya gereza, iwe Kodiaga hapa Kisumu, iwe Nakuru au Kakamega, wagonjwa wa akili utakaoletewa mapema ni wenye vurugu. Aliyevua nguo uani, aliyemwagia mwenzake uji, anayeimba usiku kucha seli nzima ikose usingizi. Hao wanawasumbua maafande, kwa hiyo wanaonekana. Yule anayejikunyata ukutani, haogi, hasemi na mtu, sifa yake ni kwamba hana shida. Mtafute mwenyewe. Pita wakati wa chakula uulize ni nani ambaye ugali wake huliwa na wengine.

Kuna karatasi moja itakayokupoteza usipokuwa macho. Mshukiwa wa mauaji hupelekwa kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka. Ripoti ikirudi kwamba anaweza kujibu, utaona faili inafungwa, kana kwamba mtu amepona. Ripoti hiyo imejibu swali la korti tu: anaelewa anachoshtakiwa, ataweza kufuata kesi yake? Kama anasikia sauti usiku, au kama ameacha watoto nyumbani bila mlezi na hilo ndilo linalomla, korti haikuuliza. Uliza wewe.

Ukibahatika kufunzwa dodoso la CANFOR, la kupima mahitaji ya wagonjwa wa akili walio mikononi mwa sheria, lililotokana na kazi ya watafiti wa London, utakuta maeneo 25: chakula, usafi, dalili za ugonjwa, hatari ya kujidhuru, pombe, dawa za kulevya, pesa, malezi ya watoto na mengine. Kila eneo hupewa 0 pakiwa hakuna hitaji, 1 hitaji likiwepo na linashughulikiwa, 2 likiwepo bila kushughulikiwa. Wageni wengi huteleza kwenye 1. Wanamwona mtu anayechomwa Modecate, sindano ya ugonjwa wa akili, kila mwezi, ametulia, anafanya kazi shambani, wanaandika 0. Sindano ndiyo iliyomtuliza! Ukiandika 0 umemwambia anayeagiza dawa kwamba huyu hahitaji kitu, na stoo ikikauka hakuna atakayekumbuka jina lake mpaka siku atakapovunja mtu meno.

Jibu la mfungwa na la mhudumu huandikwa kando kando. Yakipingana, usiyapatanishe kwa nguvu. Afande atakwambia huyu ni mkorofi tu; mwenyewe atakwambia halali kwa sababu nyapara amemnyang'anya blanketi. Kwa mgonjwa ambaye akikosa usingizi siku chache akili inaanza kupaa, blanketi hilo ni sehemu ya matibabu, na kumwona mkuu wa bloku kuhusu blanketi ni kazi yako sawa na kuandika dawa.

Lugha nayo. Kodiaga wengi watajieleza vizuri zaidi kwa Kijaluo, na ukienda Kakamega, mtu wa Bungoma na mtu wa Vihiga wote ni Waluhya lakini Kibukusu si Kimaragoli. Usimwite mfungwa mwenzake atafsiri, hata akiwa na roho safi kiasi gani. Atakachosikia kitakuwa habari ya bweni kabla ya jioni, na nyapara ana sababu zake za kutaka kujua nani dhaifu. Tafuta mhudumu anayejua lugha hiyo. Afande naye asimame mahali anapoona lakini hasikii. Kanuni za Mandela kuhusu jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka uchunguzi wa kitabibu uwe wa siri kabisa. Ukizitaja kwa adabu, utasikilizwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kuhusu Artane, dawa ya kupunguza madhara ya dawa za akili, utaambiwa kila anayeiomba anataka kulewa au kuuza. Wapo. Lakini haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, hukakamaza shingo, hutetemesha mikono, hufanya mate yamtoke mtu, na Artane ndiyo inayolegeza hayo. Tazama shingo na mikono kabla hujamwita mtu mwongo.

Halafu mahabusu. Huyu hana tarehe ya kutoka unayoijua. Anaondoka asubuhi kwenda kortini, ndugu zake wanalipa dhamana, harudi tena. Dawa zake zimebaki kabatini kwako. Mipango ya kutoka ianze siku ile ile unayomwona mara ya kwanza: nani wa nyumbani wa kupigiwa simu, sindano ijayo ni lini, zahanati gani iko karibu na kwao. Mwandikie kikaratasi cha dawa abebe kila siku ya korti, na baada ya kila safari uangalie kama bado anacho. Ikiwa kwao ni Nyakach, usimwelekeze hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Nauli hana, hatafika. Mwandikie hospitali ambayo mama yake anaweza kumfikisha kwa matatu moja, kisha mpigie huyo mama umwambie siku ya sindano.