Maswali ya wasomaji: daka, wikio na ngome ya Lamu

Kwa nini nyumba za kale za mawe za Mkomani, sehemu ya kaskazini ya mji wa Lamu, zimeufungia mtaa uso, hazina hata madirisha makubwa?

Kwa sababu zilipangwa kwa kuanzia ndani. Mwenye nyumba aliwapokea watu dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, penye baraza za mawe pande mbili za mlango, na wengi wao waliishia hapo wakiongea biashara au habari za mji. Aliyekaribishwa alipita njia yenye kona, ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani ua wa ndani, kisha akaikuta misana miwili, vyumba virefu vyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, sakafu ikipanda kidogo kidogo hadi chumba cha ndani chenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya nakshi. Kadiri mtu alivyoruhusiwa kwenda mbele, ndivyo ukaribu wake na familia ulivyojulikana. Lakini tusizisifu nakshi za chokaa tukanyamazia jambo moja: katika nyumba nyingi za ghorofa, watumwa walikaa chini na waungwana juu. Daraja za watu zilijengwa pamoja na boriti na matumbawe.

Wikio lina kazi gani?

Ni chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, aghalabu za jamaa. Baba alipenda kumpatia binti anayeolewa makao karibu na kwao, na kwa wikio wanawake walitembeleana bila ya kushuka njiani.

Mimi ni wa Langoni, sehemu ya kusini ya mji. Mbona kila anayeandika juu ya Lamu huanza na kumalizia Mkomani?

Lalamiko lako ni la haki. Nyumba za mawe za waungwana ziko zaidi Mkomani, na mwandishi hufuata jiwe kwa kuwa jiwe hudumu, ilhali Langoni ilikua kwa udongo na makuti, ikiwapokea wageni wa Hadhramaut na Komoro pamoja na watu waliotoka utumwani. Hata hivyo, ukiniuliza ni jengo gani lililogeuza zaidi maisha ya mji huu, nitakutajia Msikiti wa Riyadha, uliojengwa Langoni karibu na mwanzo wa karne ya 20. Mwanzilishi wake, Habib Swaleh, mwanachuoni mzaliwa wa Komoro, aliwafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, wakiwemo wa asili ya utumwa. Leo Maulidi yanapofika, watu wa Mkomani na wageni wa pwani nzima ndio wanaoteremka kwenda Langoni, na hilo ni badiliko la madaraka.

Ngome ilikuwa jela. Kwa nini tuitunze?

Ilimalizwa mwaka 1821 chini ya himaya ya Wabusaidi, ukoo uliotawala Omani, ambao Walamu waliwaendea kutaka ulinzi baada ya kuwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kule Shela, kijiji kilicho karibu na mji. Baadaye serikali ya kikoloni iliigeuza gereza, na hata baada ya uhuru ikaendelea kuwa gereza hadi mwaka 1984. Sasa ni makumbusho yenye maktaba na mahali pa shughuli za wananchi, na uwanja ulio mbele yake ndio sehemu adimu katikati ya mji ambapo mtu yeyote hukaa bila kualikwa. Naamini uwanja huo ulindwe kwa bidii ileile inayolinda kuta, na habari za wafungwa zielezwe ndani ya ngome kwa uwazi kama zinavyoelezwa za vita vya Shela.