Websaiti ya kwanza sijui nilimtengenezea nani, ya pili nikawatengenezea wamama

Saa nane usiku na dakika zake, mvua inapiga bati huku Chuno, simu ikalia. "Samahani dada nesi titi limekuwa gumu kama jiwe mtoto analia hashiki nifanyeje." Hamna nukta hamna koma, mtu anachapa kwa dole gumba moja mkono mwingine kabeba mtoto. Nikampigia tukaongea, nikamwambia akamue kidogo kwa mkono kwanza mpaka pale peusi panapozunguka chuchu palainike ndo amshikishe mtoto, halafu akimaliza aweke kitambaa cha baridi, na asiache kunyonyesha hata kama linauma. Asubuhi nikamuuliza namba yangu kaipata wapi, akasema aliandika Google "titi limekuwa gumu kama jiwe" nikatokea mimi.

Sikutokea kwa bahati. Ukurasa wangu mmoja unaitwa hivohivo, Titi limekuwa gumu kama jiwe. Na nilichelewa sana kujua kwamba uitwe hivo, ndo maana naandika hapa, maana siku hizi wenzangu manesi na wakunga wananiuliza sana dada na mi nataka kuanza kutoa ushauri wa unyonyeshaji, websaiti natengenezaje.

Mi ni nesi mkunga, nimekaa wodi ya wazazi miaka tisa, sasa natembelea wamama majumbani hapa Mtwara mjini, Shangani, Ligula, Chikongola, Magomeni, mpaka Mikindani nafika, na wa Masasi, Newala na Lindi naongea nao kwa video. Websaiti ya kwanza nilimpa fundi wa Dar, laki sita na nusu, hela ya korosho za baba hiyo. Akanitumia kitu kinang'aa kweli, picha kubwa zinapishana zenyewe, Kiingereza kitupu mwanzo mwisho, na mtoto wa kizungu kafunikwa blanketi la manyoya. Blanketi la manyoya Mtwara jamani, mwezi wa kumi na moja! Nikampelekea wifi yangu aone, bando lake likaisha ukurasa haujamaliza kufunguka. Miezi saba nilipata meseji mbili tu, moja ya mtu anauza bima na nyingine ya fundi mwenyewe anadai hela ya kuongeza mwaka.

Na kuna kitu kikanitia aibu kuliko vyote. Yule fundi kwenye sehemu ya kunielezea aliandika kwamba mi nina cheti cha kimataifa cha ushauri wa unyonyeshaji, alikopi mahali nadhani, na mi kwa uvivu wangu sikusoma. Nesi mmoja mkubwa aliyenifundisha kazi akanipigia, "mwanangu, hiyo IBCLC umeifanya lini mbona hukutualika?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa asiyejua, IBCLC sio jina la kujipamba, ni cheti cha mtihani, chombo kinachokitoa kipo tangu 1985, unasoma, unahesabiwa masaa ya kazi na wamama, unafanya mtihani, na kila baada ya miaka 5 unathibitisha tena. Sina. Kwa hiyo sasa nimeandika nilicho nacho, nesi mkunga mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mafunzo niliyohudhuria, miaka niliyofanya kazi, basi. Andika ukweli wako hata kama ni mfupi, mama akikukuta umedanganya kwenye cheti atakuaminije kwenye titi lake.

Sa turudi kwenye maneno, hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Nilipoamua kuitengeneza upya mwenyewe (kwa WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, mpwa wangu wa chuo akinisaidia jioni mbili na mi nikimlipa chipsi kuku) sikuanza na rangi wala nembo, nilianza na daftari. Wiki sita kila mama aliyenipigia niliandika sentensi yake ya kwanza vilevile ilivyotoka mdomoni. Hamna hata mmoja aliyesema lugha yetu ya wodini. Walisema maziwa hayatoki, maziwa mepesi kama maji, mtoto anakataa ziwa moja, chuchu zimechanika zinatoa damu, mtoto hashibi analia usiku, mama mkwe anasema nimpe uji ana miezi miwili. Kila sentensi iliyojirudia mara tatu nikaipa ukurasa wake, na ndani nikajibu kwanza ndo nikaelezea, sio kuelezea kwanza, maana mtu ana mtoto analia hataki historia.

Ile ya maziwa ya njano ya mwanzo niliandika dang'a, mpwa akaniambia weka neno la kitaalamu watu wakuone umesoma, nikamwambia bibi yako anasema dang'a, na bibi ndo anayeamua kama litamwagwa au mtoto atapewa. Ukurasa huo nimeuandika kama naongea na bibi kabisa, kwamba anyonyeshwe ndani ya saa 1 ya kwanza, kwamba ule unjano sio uchafu, ndo kinga yake ya kwanza, kwamba ni kidogo kwa sababu tumbo lenyewe la kichanga ni dogo. Afu kuna kubemenda, ile imani kwamba mama anayenyonyesha akikutana na mwanaume au akishika mimba mtoto anadhoofika. Nikiwa wodini tulikuwa tunacheka tu suala la kubemenda, kumbe wamama wanakuuliza kwa kunong'ona, wengine wameachisha mtoto wa miezi nane kisa wameshika mimba na majirani wamesema atabemendwa. Sikuandika "hiyo ni imani potofu", ukianza hivo umemfukuza. Nimeandika kwamba maziwa hayaharibiki kwa mama kukutana na mumewe, na mimba ikiwa haina shida anaweza kuendelea kunyonyesha huku anahudhuria kliniki, na mtoto akidhoofika tutafute sababu hasa, labda chakula cha nyongeza hakitoshi, labda anaumwa, tumpime uzito. Ukurasa huo unasomwa kuliko yote, na wanaume wanausoma, najua kwa sababu wananipigia.

Kukopi makala za nje ndo ugonjwa mwingine. Nilikuwa na makala ya kutunza maziwa yaliyokamuliwa, nimeitafsiri kutoka Marekani neno kwa neno, masaa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, friji ya hivi, friza ya vile, mashine ya kukamulia ya umeme. Mwalimu mmoja wa Nanyamba akanipigia, dada hilo joto la kawaida la chumba ni lipi? Nikashindwa kumjibu. Yale masaa 4 wanayosema ni kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na nyumba ya bati huku kwetu mchana wa mwezi wa 11 inapita hapo vizuri tu. Nikaandika upya kwa maisha yetu, kukamua kwa mikono iliyonawa kwenye kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa, kama hamna friji yatumike mapema usisubiri masaa manne, kama friji ipo siku 4, na umeme ukikatika muda mrefu usiyaamini, na kupasha unaweka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, huyachemshi. Na kwa waajiriwa nikaongeza kitu ambacho wengi hawakijui, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, mapacha 100, na akirudi kazini mwajiri anatakiwa kumruhusu mpaka masaa 2 kwa siku akanyonyeshe. Kuna mama kapiga sekrinishoti ya hiyo sehemu akampelekea bosi wake. Hayo ndo mambo ya kuweka.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Wateja wako wote wako kwenye simu, kwa hiyo kila kitu kijaribie kwenye simu ya bei ndogo yenye laini ya mtandao unaosumbua, sio kwenye laptopi ya mpwa. Picha ya simu inakuja na MB 4, nilizipunguza zote mpaka chini ya KB 150 na hamna aliyeona tofauti. Vitu vinavyojisogeza vyote futa. Domeini, yaani anuani ya websaiti, chukua ya .co.tz kwa jina LAKO na baruapepe YAKO, ya kwangu ya kwanza ilikuwa kwa jina la fundi, tulipokosana ikaondoka naye na jina langu la kazi mpaka leo siwezi kulitumia, na domeini yenyewe kwa mwaka haizidi bei ya kitenge kizuri. Hakikisha anuani yako inaanza na https, sio http tupu. Na jiweke kwenye ramani ya Google, bodaboda wanaitumia kuliko unavyofikiri.

Fomu. Ya kwanza ilikuwa na maswali kumi na nne, uzito wa kuzaliwa, aina ya kujifungua, nani ajibu yote hayo na mtoto mkononi? Nimeiua. Nimeweka kitufe kimoja kikubwa cha WhatsApp, linki unaandika wa.me halafu mkwaju (/) halafu 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo, imeisha. Na bei nimeiandika waziwazi, ya kuja nyumbani, ya simu, na nauli ya bajaji kwa wa Mikindani. Wenzangu walisema ukiweka bei wateja watakimbia, ila huku watu wanaona aibu kuuliza bei kuliko kulipa, asipoiona anakisia kwamba ni ya matajiri anaondoka kimyakimya. Nimeandika pia kwamba kabla ya msimu wa korosho unaweza kulipa kidogokidogo. Hilo fundi wa Dar asingeliwaza.

Kuhusu picha nilikosea mwenyewe simsingizii mtu. Nilikuwa na mteja tumezoeana, mtoto alikuwa hashiki akashika, tukafurahi nikampiga picha nikamuuliza niweke, akasema weka dada. Nikaweka. Siku ya nne mama mkwe wake kaletewa simu sokoni, "huyu si mkweo, kifua wazi kwenye mtandao?" Picha niliitoa dakika ileile nikaenda kuomba radhi kwa mguu, wazee walinipokea vizuri lakini yule binti hakunipigia tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya na za watoto imeziweka kwenye kundi nyeti, unatakiwa ridhaa ya maandishi, sio "weka dada" ya furaha. Mi sa hivi hata ridhaa siombi. Natumia titi la soksi! Unachukua soksi ya kahawia unajaza pamba, unashona chuchu, unachukua mwanasesere wa watoto, unaonyesha namna ya kumpakata, mdomo uwe wazi mpana, kidevu kiguse titi, weusi mwingi uingie mdomoni sio ncha tu. Video ya sekunde arobaini. Baba mkwe anaweza kuiangalia na mke wake na hamna anayeangalia pembeni.

Kingine usikisahau, juu kabisa ya kila ukurasa nina boksi jekundu la mistari michache, kwamba ukiwa na homa na titi jekundu la moto, au kichanga kagoma kunyonya kabisa, au amelegea, degedege, hapati mkojo, usinitumie meseji, nenda hospitali sasa. Websaiti sio zahanati. Na wamama wenye VVU wananiandikia kwa siri sana, nimewawekea maelezo mafupi kwamba mwongozo ni maziwa ya mama pekee miezi 6 huku yeye anameza ARV na mtoto anapewa dawa yake, baada ya hapo chakula kinaongezwa na kunyonya kunaendelea, ila mipango yote waifanye na kliniki yao ya mama na mtoto. Humo siongezi la kwangu hata moja.

Websaiti ikianza kusomwa watakuja na wa matangazo. Mimi alikuja kijana mpole sana na maziwa ya kopo, anataka kanafasi kadogo tu pembeni na ofa yake ilikuwa inazidi nilichokuwa naingiza mwezi mzima, sitadanganya nililala naiwaza. Nikakataa. Kanuni za WHO za 1981 zinazuia kuwatangazia wananchi maziwa mbadala, na hata zisingekuwepo, mama anasoma jinsi ya kuongeza maziwa yake huku pembeni kopo linamchekea, hiyo ni kazi gani sasa.

Sa hivi nahangaika na sauti. Kuna wamama wa vijijini Newala na Tandahimba simu wanazo ila kusoma kunawapa tabu, nataka kila ukurasa uwe na kirekodi cha dakika moja kwa Kimakonde. Mi Kimakonde changu ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo nimemuomba mama mzazi arekodi. Amerekodi wa dang'a, umetoka vizuri, ila mwishoni kaongeza la kwake kwamba mkwe asiyempikia mzazi mtori na supu ya pweza hafai, na anasema nikilikata hilo harekodi tena. Nimeliacha.